Msomee, Kisha Msikilize: Mwongozo wa Kusoma Vitabu na Mtoto Mdogo

Mzazi akiambiwa amsomee mtoto wake mdogo, akili humwenda shuleni moja kwa moja: atajua herufi mapema, atawahi kusoma kuliko wenzake, atashika namba nzuri. Hayo huenda yakaja, lakini faida haianzii huko. Mtoto wa miaka miwili aliyepakatwa na mama au baba, kitabu kimefunguliwa mbele yao, anapata vitu vitatu kwa mpigo: maneno asiyoyasikia katika mazungumzo ya kila siku, mtu mzima ambaye kwa dakika hizo hana shughuli nyingine, na nafasi ya kusema akasikilizwa. Hilo la tatu ndilo wazazi wengi huliruka, na ndilo nitakalolisisitiza hapa. Mzazi akisoma ukurasa baada ya ukurasa mpaka mwisho bila mtoto kufungua kinywa, sehemu kubwa ya faida imebaki kwenye karatasi.

Tuanze na hayo maneno. Lugha ya nyumbani ina msamiati wake: njoo, kaa, kula, vaa viatu, acha hiyo, nenda ukalale. Ni maneno ya lazima, ila ni yale yale kila siku. Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Hayes na Ahrens, walilinganisha maneno ya vitabu vya watoto na maneno ya watu wazima wenye elimu ya chuo kikuu wakiongea wao kwa wao. Vitabu vya watoto vilikuwa na maneno adimu karibu 31 katika kila maneno 1,000, na maongezi ya wasomi hao yalikuwa na 17 tu hivi. Kitabu chembamba chenye picha kubwa kinamkutanisha mtoto na "kunyata", "kushtuka", "ukingo", "kukata tamaa", maneno ambayo pengine yangepita miaka kabla hajayasikia kwako.

Maneno hayo hujumlishana. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walikadiria kuwa mtoto anayesomewa vitabu vitano kila siku hufikisha miaka mitano akiwa amesikia maneno yapatayo milioni 1.4 zaidi ya mwenzake ambaye karibu hasomewi kabisa. Vitabu vitano ni vingi kwa mzazi anayefanya kazi, najua. Kwa kitabu kimoja kwa siku tofauti ni maneno karibu 290,000, na hapo ndipo mzazi wa kawaida anapoweza kuanzia bila kujiumiza.

Hatua ya kwanza: anza kabla hajajua kusema

Usingoje aelewe hadithi. Masikio ya mtoto huanza kufanya kazi angali tumboni, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito anasikia sauti ya mama yake. Mwaka 1986 DeCasper na Spence waliwaomba wajawazito wasome hadithi moja kwa sauti katika majuma sita ya mwisho. Watoto walipozaliwa walipewa chuchu ya bandia iliyounganishwa na vinasa sauti, nao wakabadilisha mwendo wa kunyonya ili wasikie hadithi waliyoizoea badala ya ngeni. Hawakujua neno hata moja. Walichokijua ni mdundo.

Kwa hiyo mtoto mchanga unaweza kumsomea chochote, hata gazeti lako mwenyewe, mradi umsomee kwa sauti na umtazame usoni mara kwa mara. Macho yake bado ni dhaifu, anaona vizuri kitu kilicho umbali wa sentimita 20 hadi 30, kwa hiyo picha zenye michoro mikubwa na rangi zinazopishana sana, nyeusi na nyeupe kwa mfano, ndizo zinazomvuta. Akitoa sauti, nyamaza, mwache amalize, kisha mjibu kana kwamba amesema jambo. Mazungumzo yenu yameanza.

Akifika miezi sita hivi, kitabu kitaingia mdomoni. Usimkemee. Kwa umri huo mdomo na vidole ndivyo anavyochunguzia kila kitu, na kitabu ni kitu kama vitu vingine. Mpe cha kurasa nene za kadibodi, chenye kona za mviringo, au cha kitambaa. Akikaribia mwaka mmoja ataanza kusonta picha kwa kidole, na hapo mambo hubadilika kabisa: kila akisonta, anakuuliza. Mjibu. "Paka. Paka amelala." Baada ya mwaka na nusu atataka kufungua kurasa mwenyewe, mara nyingine tatu kwa pamoja, na hadithi itarukwa. Irukwe tu, mfuate alikokwenda.

Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliwataka wanachama wake tangu mwaka 2014 wawashauri wazazi kuwasomea watoto kwa sauti kuanzia uchanga. Sababu ni rahisi: ubongo hukua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote katika miaka hiyo ya mwanzo, na lugha ni mojawapo ya vitu vinavyoujenga.

Hatua ya pili: mtengee wakati mmoja usiobadilika

Dakika kumi kwa siku zinatosha, na kwa mtoto wa mwaka mmoja hata tatu. Chagua wakati ambao tayari una jambo la kila siku, kabla ya kulala au baada ya kuoga, ili kitabu kiingie katika mkondo uliopo. Kabla ya kulala ni wakati mzuri kwa sababu mwili umetulia na hakuna pa kukimbilia, lakini kama jioni unarudi umechoka hoi na mtoto keshasinzia, chagua asubuhi. Hakuna saa takatifu.

Simu iwe mbali, si kando yako ikiwa imelazwa kifudifudi. Mtoto anajua.

Kina baba, msiwaachie kina mama peke yao kazi hii. Baba ana maneno yake, ana namna yake ya kuuliza, na hucheka mahali tofauti. Mtoto akisomewa na watu wawili anapata lugha mbili ndani ya lugha moja. Bibi, babu, shangazi, kaka mkubwa, wote wanafaa.

Hatua ya tatu: chagua kitabu kinachozungumzika

Kitabu kizuri kwa mtoto mdogo ni kile kinachokupa cha kusema hata ukiyafunika maandishi kwa kiganja. Angalia picha kwanza. Je, kuna jambo linalotokea ndani yake, au ni mnyama mmoja tu amesimama kwenye ukurasa mweupe? Picha ya mnyama aliyesimama inafaa kwa mtoto wa mwaka mmoja anayejifunza majina. Mtoto wa miaka mitatu anataka kuona mtu anaanguka, anajificha, anatafuta kitu ambacho msomaji anakiona na yeye hakioni.

Maandishi yawe machache kwa ukurasa: neno moja au sentensi moja kabla ya miaka miwili, sentensi mbili tatu baadaye. Vitabu vyenye kibwagizo, ambamo sentensi ileile hurudi kila baada ya kurasa mbili, ni hazina, kwa kuwa mtoto ataishika sentensi hiyo na kuimalizia mwenyewe kabla hujafika. Vilevile vitabu visivyo na maandishi kabisa. Nitarudi kwenye hivyo.

Ikiwa vitabu ni adimu nyumbani, tengeneza. Chukua karatasi ngumu kadhaa, zikunje katikati, zishone mgongoni, bandika picha za watu wa familia, kitanda cha mtoto, kiatu chake, paka wa nyumbani. Chini ya kila picha andika sentensi fupi kwa herufi kubwa zinazosomeka. Mtoto atakipenda kitabu hicho kuliko vyote kwa sababu yeye yumo ndani. Na usisahau maktaba: nyingi zina sehemu ya watoto ambayo wazazi hawaijui mpaka waulize.

Vitabu vikae chini, mahali mkono wake unapofika. Kitabu kilichofungiwa kabatini ili kisichanike hakisomwi. Vingine vitachanika, gundi ipo.

Hatua ya nne: kaeni ili nyote wawili muone

Mpakate, au mkae bega kwa bega, kitabu kikiwa kati yenu na mwanga ukitoka nyuma. Mtoto ashike upande mmoja wa kitabu. Yeye ndiye afungue kurasa. Watoto wakiwa wawili, mdogo akae mapajani na mkubwa ubavuni, na kila mmoja apewe ukurasa wake wa kufungua, vinginevyo ugomvi utaimaliza hadithi kabla haijaanza.

Taja jina la kitabu na la aliyekiandika, onyesha jalada, uliza, "Unadhani humu kuna nini?" Wapo wazazi wanaofungua kwa mtindo wa wasimulizi, "Paukwa!", na mtoto akaitikia "Pakawa!" Ni desturi nzuri: mtoto wa miaka miwili na nusu anajua hapo hapo kwamba sasa ni hadithi, na mwili wake unatulia.

Hatua ya tano: soma polepole kuliko unavyodhani inafaa

Mtoto anasikia neno, analitafuta kwenye picha, analifikiria. Hiyo huchukua muda. Ukisoma kwa mwendo wa mtangazaji wa habari, amebaki ukurasa wa pili wewe uko wa tano. Badilisha sauti: fisi aongee kwa kujivuta, sungura kwa haraka, mvua inyeshe kwa mnong'ono. Huhitaji kipaji cha maigizo, mtoto wako si mkosoaji.

Mara moja moja, pitisha kidole chini ya maneno unapoyasoma. Watafiti wa Canada, Evans na Saint-Aubin, walifuatilia mwaka 2005 macho ya watoto wadogo waliokuwa wakisomewa, wakaona kwamba macho hayo yalikaa kwenye picha karibu muda wote na maandishi hayakutazamwa ila kwa nadra. Yaani mtoto anaweza kusomewa miaka mitatu asigundue kwamba yale madoadoa meusi ndiyo yanayosema. Kidole chako kinamwonyesha: tunaanza kushoto, tunaelekea kulia, mstari ukiisha tunashuka. Usifanye hivyo kila sentensi, utachosha.

Neno gumu usilibadilishe kwa jepesi. Lisome kama lilivyo, kisha lielezee kwa pumzi moja na uendelee: "Akanyata. Alitembea polepole asisikike." Kesho ataliona tena.

Hatua ya sita: mpe nafasi aseme

Hapa ndipo penye uzito wote. Mwaka 1988 mwanasaikolojia Grover Whitehurst na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo lililofanyika New York na watoto wa miaka miwili hivi. Familia zote ziliendelea kuwasomea watoto nyumbani. Nusu ya wazazi walifundishwa kitu kimoja cha ziada: kuuliza maswali yasiyojibika kwa "ndiyo" au "hapana", kulipanua jibu la mtoto, na kumtia moyo. Mwezi mmoja ulipopita, watoto wa kundi hilo walikuwa mbele ya wenzao kwa miezi kadhaa katika vipimo vya kujieleza. Wote walisomewa kwa kiasi kilekile; kilichotofautiana ni nani aliyekuwa akiongea.

Tazama inavyokuwa. Mama na mtoto wa miaka miwili na nusu wako kwenye ukurasa wenye picha ya mbuzi aliyepanda juu ya meza, na watoto wawili wako mlangoni.

"Mbuzi!"

"Enhe, mbuzi. Mbuzi amepanda juu ya meza."

Mama ananyamaza. Mtoto anaweka kidole kwenye meza.

"Meza."

"Juu ya meza. Na hawa watoto, wanafanya nini?"

Kimya. Mama hasemi kitu. Mtoto anatazama picha, anamtazama mama, anarudi kwenye picha.

"Kimbia."

"Wanakimbia! Kwa nini wanakimbia, mwanangu?"

"Mbuzi kali."

"Ee, mbuzi mkali. Wanamkimbia yule mbuzi mkali."

Mazungumzo haya hayafiki dakika moja na yana karibu kila kitu. Mama alianzia pale mtoto alipo, kwenye neno lake. Akalirudisha likiwa limeongezwa kidogo tu, si hotuba. Akauliza swali linalotaka zaidi ya jina la kitu. Akangoja, na kungoja ndiko kugumu kuliko yote: mtu mzima humwahi mtoto kwa kujibu swali lake mwenyewe. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo kabla ya kusema tena. Utashangaa ni majibu mangapi yanayokuja kwenye nne.

Tazama pia "mbuzi kali". Mama hakusema "umekosea, sema mkali". Alilirudia sahihi ndani ya jibu lake, akaendelea na hadithi. Ngeli za Kiswahili hakuna mtoto anayezijua kwa kufundishwa kanuni. Anazinasa kwa kuzisikia mara nyingi mahali panapoeleweka. Akisema "kitabu imeanguka", jibu, "Ee, kitabu kimeanguka, kiokote." Ukimsahihisha kila neno ataanza kupima kila anachotaka kusema, na mtoto anayepima maneno hunyamaza.

Maswali yenyewe yakue naye. Kabla ya miaka miwili, mwombe aonyeshe: "Mbwa yuko wapi?" Baadaye kidogo, acha sentensi ikining'inia aimalizie: "Paka akaruka juu ya...?" Kisha nani, wapi, anafanya nini. Kuanzia miaka mitatu na kuendelea, toka nje ya ukurasa: "Unadhani atafanya nini sasa?" "Ungekuwa wewe ungejificha wapi?" "Unakumbuka siku ile na wewe ulipotelewa na kiatu?" Swali la namna hii ya mwisho lina thamani kubwa, kwa sababu linamfundisha kusimulia jambo lililopita kwa mpangilio, kazi ambayo atahitaji kuifanya darasani kila siku.

Lakini jihadhari. "Hii ni nini? Na hii? Na hii rangi gani?" ukurasa mzima ni mtihani, na mtoto ataufunga mtihani. Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba useme mambo mawili au matatu unayoyaona kabla ya kuuliza moja. "Naona mvua imeanza. Huyu hana mwavuli. Nywele zake zimelowa." Mara nyingi hata hutahitaji kuuliza, ataingilia mwenyewe.

Zungumzeni pia kuhusu mioyo ya waliomo kwenye hadithi. Mtoto wa miaka mitatu ana wivu, aibu, hofu na hasira, ila hana majina yake, ndiyo maana anapiga na kung'ata. Sungura akionewa kitabuni, sema, "Ameaibika. Wote wanamcheka." Mwaka 2018 Mendelsohn na wenzake walichapisha utafiti juu ya familia za kipato cha chini jijini New York ambazo, wakati wa kliniki za kawaida za watoto, zilisaidiwa kusoma na kucheza na watoto wao: wazazi walirekodiwa kwa video, kisha wakaonyeshwa yale waliyoyafanya vizuri. Ukali na utukutu uliopindukia ulikuwa umepungua kwa watoto hao ukilinganisha na wenzao ambao familia zao hazikupata msaada huo, na tofauti ilionekana hata baada ya mpango kuisha.

Hatua ya saba: rudia kilekile, hata ukikichoka

Atakuletea kitabu kilekile jana, leo na kesho. Mkubalie. Katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, Jessica Horst na wenzake walitoa mwaka 2011 matokeo ya jaribio na watoto wa miaka mitatu: wapo waliosomewa hadithi moja kwa kurudiwa, na wapo waliosomewa hadithi tofauti zenye maneno mapya yaleyale. Waliorudiwa hadithi ileile ndio walioyashika maneno hayo vizuri zaidi. Mara ya kwanza mtoto anafuatilia nini kinatokea. Akishajua, akili yake inapata nafasi ya kushughulika na maneno.

Kwa hiyo badilisha kazi, si kitabu. Leo msomee wewe. Keshokutwa yeye ndiye akusimulie kwa kutazama picha. Siku nyingine badilisha neno moja makusudi, mwite simba "kuku", uone atakavyoruka kukusahihisha.

Mtoto akikataa kukaa

Wapo watoto wasiotulia, nao wanasomewa. Soma akiwa amesimama, akizunguka, akichezea gari lake. Masikio yako palepale. Chagua kitabu chenye vitendo, mruke pamoja chura anaporuka. Akiondoka kabisa, maliza sentensi uliyoanza, funga kitabu kwa upole, basi. Usimburure. Na kitabu kisiwe adhabu wala kitu cha kunyimwa anapokosea, maana ukikitumia hivyo, ndivyo atakavyokiona.

Kusoma kwenye simu au tableti

Hakudhuru ukikaa naye, lakini karatasi ni bora kwa umri huu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2019 kwamba wazazi na watoto wao wadogo waliongea machache zaidi walipotumia kitabu cha kielektroniki kuliko cha karatasi, na sehemu ya maongezi hayo ilihusu kifaa: usibonyeze hapo, acha, shika hivi. Ukilazimika, zima milio na vikaragosi vinavyocheza, na usome wewe mwenyewe badala ya kuiachia programu isome.

Lugha ipi?

Msomee kwa lugha unayoiota. Mzazi anayesoma kwa lugha anayoiokoteza anasoma yaliyoandikwa na kunyamaza, hawezi kutania, kupanua wala kujibu swali lisilotarajiwa, na tumeona kwamba faida iko huko. Mtoto mwenye msingi imara katika lugha moja hauachi nyuma anapoingia nyingine: anajua tayari hadithi inavyokwenda na maandishi yanavyofanya kazi. Nyumba yenye lugha mbili igawane: mama kwa yake, baba kwa yake.

Kama wewe mwenyewe husomi vizuri

Usijitoe. Chukua kitabu cha picha, hasa kile kisicho na maandishi, na usimulie unachokiona. Hakuna anayekukagua. Mazungumzo ya mbuzi juu ya meza hapo juu hayakuhitaji kusoma hata neno moja. Simulia pia bila kitabu: hadithi ulizosikia ukiwa mdogo, vitendawili, nyimbo za kubembelezea. Zina mwanzo, mkasa na mwisho kama za kwenye vitabu, na zina maneno ya zamani ambayo hayasikiki tena mitaani. Mtoto mkubwa anayesoma shuleni naye aombwe awasomee nyote wawili.

Herufi na silabi

Zisubiri mpaka aziulize, kwa kawaida kati ya miaka minne na sita. Anzia na sauti kabla ya maandishi. Pigeni makofi kwa kila silabi: ki-fa-ra-nga, makofi manne, mbu-zi, mawili. Tafuteni maneno yanayoanza kama jina lake. Kiswahili kinamrahisishia, kwa kuwa kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa na irabu zake ni tano tu. Mtoto aliyezoea kusikia silabi akikutana na ba, be, bi, bo, bu ubaoni anakuta kitu anachokijua tayari. Herufi ya kwanza kabisa iwe ya jina lake mwenyewe, muitafute kwenye kurasa za kitabu chochote. Baada ya hapo rudini kwenye hadithi. Dakika kumi za kusoma zisigeuke darasa.

Wakati wa kumwona daktari

Kusoma kila siku kunakupa nafasi ya kumtazama mtoto kwa karibu. Ukiona amefikisha mwaka mmoja na hageuki akiitwa jina wala hatoi sauti za kubwabwaja, au amefikisha miezi 18 hana neno hata moja lenye maana, au miaka miwili haunganishi maneno mawili kama "maji nataka", mpeleke kituo cha afya na uombe masikio yake yapimwe. Vivyo hivyo mtoto aliyekuwa akisema kisha akaacha. Usiambiwe "atasema tu" ukaridhika. Tatizo la kusikia likigunduliwa mapema lina msaada mkubwa, na endelea kumsomea huku mkisubiri majibu.

Akishaanza kusoma mwenyewe

Usiache. Mtoto wa darasa la kwanza anasoma "baba ana bata", lakini anaelewa hadithi ndefu yenye wahusika kumi akisomewa, na pengo hilo hukaa kwa miaka kadhaa. Akibaki na vile tu anavyoweza kujisomea, msamiati wake utasimama wakati akili yake inakimbia. Gawaneni ukurasa: yeye sentensi moja, wewe aya. Akikwama kwenye neno, ngoja ile hesabu ya tano; akishindwa mtajie, muendelee, msiipoteze hadithi kwa ajili ya silabi moja. Akiomba sura nyingine na saa ya kulala imefika, msomee aya ya kwanza tu, weka alama kwenye ukurasa, na kitabu kibaki kando ya kitanda chake.